Koili Juu ya Bati

Jumatatu, 6 Juni 1994

Injini iko ndani ya pipa la maji tena. Nimevuta kamba Tausi akiwa mgongoni. Ikawaka. Tausi akacheka, anapenda kelele. Dakika ishirini tu, ikaanza kukohoa, upande mmoja ukafa. Ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea. Kabureta nimeosha mara mbili. Plagi mpya. Petroli safi.

Ni injini ya boti ya Mzee Chande, anayevusha watu mto Kilombero. Kuukuu, rangi imebanduka yote. Anaitaka Jumamosi, siku lori linateremka Ifakara. Hii ndiyo kazi yangu kubwa ya kwanza tangu baba afariki akaniachia mita yake ya kupimia umeme na spana zake. Nikiikosa, nitarudi kwenye pasi na feni za majirani.

Jino la Tausi linatoka. Sijalala. Lakini mchicha alioleta mama mkwe kutoka Mgeta ulikuwa mtamu.

Jumanne, 7 Juni

Zimebaki koili. Ziko mbili, kila moja inapeleka moto kwenye plagi yake. Nimezifungua asubuhi na mapema, kabla ya uji, nikazipima kwa mita. Zote sawa. Nikazirudisha. Injini ikafa vilevile.

Nimekaa chini, nikanyonyesha. Nilitaka kulia, nikaona uvivu.

Mchana nikaenda mjini. Maduka siku hizi yamejaa, si kama tulivyokuwa tukipanga foleni ya sabuni. Kila kitu kipo, ila cha injini hii. Muuzaji akanicheka: "Mama, hiyo peleka makumbusho."

Jumatano, 8 Juni

Mzee Chande amekuja. Nikamwamkia, nikamwambia ukweli: inazima ikipata moto. Akasema basi haimpi shida, mto wenyewe dakika kumi, anaichukua hivyo hivyo. Baba Tausi akanikonyeza nikubali. Yeye tangu wapunguzwe kiwandani anauza mitumba Dumila, anajua mteja akiondoka harudi.

Nikakataa. Anavuka huku na huku kutwa nzima, itapoa saa ngapi? Maji ya pale yana nguvu, yana viboko, na humo botini wanapanda wanawake na watoto mgongoni kama mimi. Nikasema, "Heshima yako iko palepale, mzee, ila injini haitoki."

Akakasirika. "Binti, baba yako hakuwa mbishi hivi!"

"Alikuwa zaidi," nikamjibu. Akacheka kidogo, lakini akasema Jumamosi asubuhi ikiwa bado, anaipeleka kwa fundi mwanamume. Limeniuma hilo. Baba Tausi hakula na mimi.

Alhamisi, 9 Juni

Leo nitaandika sana.

Nilifungua koili tena, nikaziweka kwenye ungo, nikaenda kumwogesha Tausi. Kurudi, ungo mtupu. Nikamuuliza mama mkwe, amekuja kutoka Mgeta kunisaidia mtoto. Akanionyesha juu ya banda la jiko. Kaanika koili zangu kwenye bati, zimepangwa vizuri kando ya betri za redio yake!

"Zimechoka hizo, mwanangu. Jua litaziamsha. Betri zangu mwezi wa pili huu."

Nilikasirika. Lakini ni mama mkwe. Nikapanda kigoda nikazichukua. Zilikuwa za moto, zikaniunguza vidole. Nikazipima palepale kwa hasira tu, nimwonyeshe kwamba jua halijaongeza kitu. Ya kwanza sawa. Ya pili mshale wa mita umelala. Haunyanyuki kabisa.

Nikaiweka kivulini. Ilipopoa, mshale ukapanda. Nikairudisha kwenye bati, ikafa. Mara tatu.

Jumanne nilizipima asubuhi, zikiwa baridi, nikasema ni nzima, kumbe ugonjwa unakuja zikipata joto. Kosa langu hilo. Nimemkumbatia mama mkwe. Akasema, "Si nilikwambia zitaamka!" Sikubisha.

Ijumaa, 10 Juni

Nimemkuta Mzee Chande kwa ndugu yake kule Mazimbu, ndiko amefikia. Ana injini nyingine ya aina ileile, ilishakufa, iko uani, kuku wanatagia. Tukamfukuza tetea, tukafungua koili zote mbili. Nikazileta nyumbani, nikazianika kabla ya kuzipima. Moja mbovu. Moja nzima, hata ikiwa ya moto.

Nimeifunga. Injini ndani ya pipa, saa nzima. Nikahesabu kwa taarifa za redio ya mama mkwe. Saa ya pili. Maji ya pipa yakawa vuguvugu, nikayabadilisha, nikawasha tena. Haikukohoa hata mara moja. Tausi kalala humohumo kwenye kelele.

Baba Tausi kaja kusimama karibu. Akasema, "Kumbe ulikuwa sahihi kumkatalia." Basi, ikatosha.

Jumamosi, 11 Juni

Injini imeondoka. Mzee Chande aliwasha mwenyewe, akasikiliza, akaniita fundi. Kaniachia mayai ya yule tetea.

Nimesugua pipa kwa majivu. Uwanja kimya. Jino la Tausi limetokeza, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Betri za mama mkwe bado ziko juu ya bati. Nimezigeuza upande wa pili.