Bluu Isizime Kabla ya Mto

Fundi wangu Okoth,

Kesho Bluu inatoka tena kwenda kufukuza kifo, na mimi ndiye niliyeiandaa. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujausikia mlio wake, maana hapo ulipolazwa, nyuma ya nyumba ya mama yako, sauti ya getini inafika vizuri.

Nimekaa juu ya ile ringi ya lori uliyokuwa unaikalia ukinywa chai. Gereji ipo palepale Bomani, bango lina jina lako bado, na wateja wanaingia wakinipita mimi nilivyo na spana mkononi, wanauliza fundi yuko wapi. Nawajibu kwamba amesafiri. Lile neno lingine halijanitoka mdomoni.

Siku ya mazishi yako hukuona kilichotokea, kwa hiyo acha nikueleze. Unajua desturi yenu Wajaluo, mwanaume mwenye mji wake akifa ng'ombe wanaswagwa mbio mpaka mpakani, watu wakipiga kelele na mikuki juu, ili kifo kitoke nyumbani kiende zake. Sisi Wakurya tuna mambo yetu, hivyo sikucheka. Tatizo ni kwamba wewe hukuacha hata ndama. Kila ulichopata ulikitia kwenye ile gari ya bluu yenye injini ya tabo, uliyoitoa Sirari ikiwa ganda tupu. Wazee wakajadiliana, wakasema basi ng'ombe dume wa Okoth ni huyo. Mdogo wako Odhiambo akavuka kutoka upande wa Kenya, akashika usukani. Safari ilikuwa fupi tu, kutoka kaburini, kupita getini, hadi mtoni unapoishia mpaka wa ukoo wenu.

Lakini kabla ya kuondoka waliifunga matawi mabichi puani, kuanzia bampa hadi kwenye boneti, kama dume linavyopambwa. Nilisema majani yatazuia upepo. Nani amsikilize mwanamke wa Kikurya aliyevaa ovaroli kwenye msiba wa watu? Odhiambo akasimama kando ya kaburi lako na kuanza kukanyaga mafuta gari ikiwa haiendi. Tabo ikapiga mluzi, watu wakalia, wakaruka, wakamwambia aongeze. Akaongeza. Fundi, unaijua rejeta ile ndogo ya kupozea oili, ilikuwa hapo mbele katikati, haina feni, inategemea upepo wa mwendo. Mwendo haukuwepo, na upepo ulikuwa umezibwa na majani.

Nilisogea dirishani. Mshale wa geji ya joto la oili ulikuwa umepita ile alama uliyoikwaruza kwenye kioo kwa ncha ya bisibisi. Nikaingiza mkono, nikazungusha ufunguo.

Sijutii, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Unakumbuka siku ile tunarudi kutoka Mugumu? Tulipita kwenye majani marefu yaliyoegemea barabara, mbegu zake zikajaa kwenye rejeta mpaka ikawa kama godoro, na Bluu ikaanza kunuka oili iliyoungua. Ulizima pale pale, katikati ya pori. Tukakaa chini kuzichomoa mbegu kwa vijiti vya meno, pundamilia wakitukodolea macho, wewe ukilalamika kwamba mimi nazichomoa kama ninayesuka nywele. Nikakuuliza kwa nini tusisogee tu hadi kijiji cha mbele. Ukanionyesha ile alama kwenye geji. Ukasema, "Mshale ukipita hapa unazima, Rhobi. Hata kama aliyeko ndani ni mama yako."

Basi nilizima. Kelele zikakatika pamoja na injini. Bluu ilikuwa haijafika hata getini. Mtu wa kwanza kusema alikuwa mama yako, ambaye sote tunamwita Dani, yaani bibi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango.

"Kifo kimegeuka," alisema. "Kimerudi ndani."

Tangu siku hiyo, Fundi, nyumbani kwenu hakukaliki. Odhiambo alianguka na pikipiki akateguka bega, na hadi sasa mkono haupandi sawasawa. Kuku wa Dani walikufa wote kwa mdondo, ugonjwa ambao unapita kila mwaka na kila mwaka tunausahau, lakini safari hii hakuna aliyesema ni mdondo. Dani mwenyewe ameacha ugali. Anakunywa uji kidogo, tena akibembelezwa. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni presha na uzee, wakampa dawa, naye anaziweka chini ya mto. Amegeuza kitanda chake kitazame mlango. Nilipomuuliza sababu alisema anataka akione kikiingia.

Mimi naenda kanisani, unanijua. Najua gari ilizidiwa na joto na hakuna kingine. Lakini nikilala pale kwenu kumuuguza Dani, nasikia namna anavyopumua akiungoja ule mlango, na mimi pia naugeukia.

Ndipo Odhiambo akaja gereji. Alisema wazee wamekubali jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, kwamba gari irudie kuanzia kaburini. Alizunguka Bluu mara kadhaa bila kunitazama, kisha akasimama.

"Sikia Rhobi, hii gari isizime kabla ya mto. Ikizima tena, huyo mathe ameenda."

Mathe ndivyo anavyomwita mama yenu. Nikamwambia matawi yafungwe nyuma. Akajibu kwamba dume hapambwi mkiani.

Kwa hiyo nimefanya kazi uliyoiacha katikati. Kile kifurushi ulichokuwa unakipigia simu kila asubuhi kilifika baada ya kukuzika. Nilikifungua nikalia, halafu nikasaini nimepokea. Rejeta mpya ni pana, karibu mara mbili ya ile ya zamani. Kile kipande chenye thamostati nimekifunga kati ya filta na injini, ili oili ipate joto kwanza ndipo ipelekwe kupozwa, maana asubuhi za huku kwetu ungeipoza ikawa nzito kama asali. Ila mahali pa kuiweka rejeta ndipo tulipotofautiana. Wewe ulitaka mbele. Mimi nimeipeleka nyuma, ndani ya bampa la mkiani ambako hakuna atakayefunga tawi, nikaiwekea feni yake na wavu wa kuzuia vumbi na mbegu. Ungenigombeza. Ungesema mipira ya kupitishia oili ni mirefu mno, kila urefu ni sehemu nyingine ya kuvujia. Nasikia kabisa unavyosema.

Nilipomaliza nilikata matawi mwenyewe, nikayafunga puani kama wao, nikakaa ndani nikakanyaga gari ikiwa imesimama. Majirani wa Bomani walitoka madukani, nadhani wanaamini nimechanganyikiwa. Rejeta ya maji ilijitahidi na feni zake. Mshale wa oili ulipanda, ukapanda, ukafika karibu na alama yako, ukakaa hapo. Nilikanyaga mpaka mguu ukatetemeka na mshale haukuvuka. Nilitaka kukuita uje uone. Niligeuza kabisa kichwa kuelekea kwenye ringi hii.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi. Mpira mmoja wa oili unapita chini ya sakafu, upande wa kushoto, na una kiungio pale pale chini ya kiti cha abiria. Kiungio hicho kinatoa tone, nacho kikiachia njiani oili yote inamwagika na injini inakwama. Ni tone moja tu, nalikuta asubuhi kwenye boksi nililotandika. Nimebadilisha washa, ile pete ya shaba ya kuzibia, nimekifungua na kukisafisha, nimekikaza mpaka naogopa kukivunja. Nikiwasha gari na kulala chini kukichungulia kinakuwa kikavu. Nikigeuka, kesho yake tone lipo. Ungekuwapo ungekishika kwa vidole viwili ukaniambia kina nini. Niliomba siku chache zaidi. Odhiambo akasema wazee wameshapanga na watu wameshaitwa.

Jana nilikwenda kumwambia Dani kwamba Bluu iko tayari. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza akiutazama mlango, akaniuliza gari ina viti vingapi. Nikamwambia. Akasema atapanda. Nikamweleza kwamba ni kazi ya wanaume, nikamweleza habari za kutikisika, za presha yake, na kwa shida sana nikamweleza habari za lile tone. Alinishika huu mkono uliozungusha ufunguo, akaugeuza kama anatafuta kitu kwenye kiganja.

"Nitakaa mbele, pale kushoto," alisema. "Kama ni kuzima, izime na mimi nikiwa ndani. Kisihangaike kurudi kunitafuta."

Nilimtafuta Odhiambo amkatalie. Akasema mama ni wake lakini neno ni la mama. Wazee nao walinyamaza, na kwa wazee wenu kunyamaza ni kukubali.

Basi ndivyo ilivyo. Kesho mama yako atakaa juu ya kile kiungio, mwanawe wa pili wa tumbo lile ataendesha kwa bega moja zima, na mimi nimewaambia wote, mila au si mila, nitakaa kiti cha nyuma ambapo naiona geji. Hakuna aliyebisha. Nadhani hakuna mwingine aliyetaka kile kiti.

Sheria yako naijua. Ulinipa kabla hujanipa spana. Lakini nimelala pale kwenu, nimemsikia akipumua, na nakuahidi jambo ambalo hungenisamehe ukiwa hai. Mshale ukivuka alama yako kesho, nitautazama ukivuka. Mikono yangu itabaki kwenye mabega ya mama yako hadi magurudumu yaguse maji.

Pumzika, Fundi wangu. Ukisikia tabo inapita hapo kichwani kwako, usiinuke. Na kama sauti itakatika kabla ya mto, usije kutupokea. Tuache kwanza tujaribu kuiwasha.

Ni mimi,
Rhobi wa gereji