Saluti kwa Kuku

Baba,

Mwaka umetimia tangu utuache, na hasira zimenipungua, ndiyo maana nnakuandikia. Mtaa wa Darsait tumehama. Tuko Mabela, pembeni mwa mji, nyumba mpya, mafundi wanagonga kutwa. Mama hajambo, ila analalamika jiko kubwa mno, anachoka kulizunguka.

Kanda zako za video nimezichukua mie. Zote, za wale wachekeshaji wa Kiingereza waliopita jeshini kabla hawajapata jina. Wengine hukuwataka. Ukimtazama mtu dakika moja, basi: "Huyu kapigishwa kwata. Mwone anavyojua kusubiri." Kisha unacheka mpaka shuka linakulegea kiunoni. Kanda ikizimwa, wallahi, sikukuona ukicheka hata mara moja. Kwenye sinia tulikula kimya. Tukasema jeshi limekukausha, tukazoea.

Siku ya tatu ya matanga yako akaja mzee mmoja, mliyepika naye kambini miaka ile. Akanywa kahawa, akasimama mbele ya wanaume, akatuonesha ulivyokuwa ukimwiga meja wa Kiingereza akikagua jiko: anafunua sufuria, ananusa, anakaza kifua, anampigia saluti kuku. Watu wakaangua kicheko. Ami, ndugu yako, akafoka, kwenye matanga watu wanacheka! Mie nikatoka nje. Ami alidhani nimeona haya. Nilikuwa na wivu, Baba. Kambi nzima ilikujua, sie wanao hatukukujua.

Yule mzee alinifuata mlangoni, akanambia ulikuwa ukisema nyumbani huwezi, kwa sababu watoto wakikucheka hawatakutii. Kha! Nani alikudanganya? Hao wachekeshaji wako nao walikuwa askari, na wewe uliwaheshimu kuliko mawaziri.

Basi Ijumaa iliyopita, tumetoka msikitini, wali umepakuliwa, nikafunua sufuria. Nikanusa. Nikasubiri, kama ulivyosema. Nikampigia saluti kuku. Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. Mama akaweka tonge chini. Akasema, "Hivyo ndivyo alivyokuwa akinichekesha, kabla hamjazaliwa."

Kisha akaniomba nirudie.

Nikarudia, Baba, macho yananichoma.

Mungu akurehemu, akupe nafasi huko uliko. Nami nnakuahidi: kila Ijumaa kuku atapata saluti yake. Wanangu watanicheka. Kunitii, watajua wenyewe.

Mwanao