Mariamu na Milima ya Ng'ambo

Jumatatu, 4 Mei
Asubuhi picha za bi harusi, mtaa wa Rusimbi. Filamu ya kasi 200, nimeidanganya kamera kuwa ni ya 50, ipokee mwanga wa ziada. Rangi hutoka laini, kama khanga iliyofuliwa sana. Mama mtu atalalamika picha imepauka. Wote hulalamika, kisha wananiletea binti wa pili.

Mchana kaja Mariamu, yule anayeanika dagaa ufukweni Kibirizi. Alivuka ziwa kutoka Kongo na shangazi yake vita vilipoanza. Anataka picha moja, milima ya kwao ionekane nyuma. Mwaka mzima namsalimia tu. Bwege mimi.

Alhamisi, 7 Mei
Mvua usiku. Asubuhi ng'ambo kulikuwa wazi, milima yote. Nimemsimamisha kwenye kivuli cha banda, ziwa nyuma yake. Nikapima mwanga wa usoni, nikaongeza. Nikaongeza tena. Nilimtaka laini kabisa.

Jicho langu likiwa kwenye kamera, akasema wamepata nafasi Kanada. Wanaondoka na treni ya Jumapili ya wiki ijayo. Nikakawia kubonyeza. Nikasingizia upepo.

Jumatatu, 11 Mei
Picha imetoka. Sijawahi kupiga uso kama ule. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 12 Mei
Nimempelekea. Kaitazama, kaigeuza, kaitazama tena.

"Na kwetu iko wapi, Kaka?"

Nyuma yake kweupe tu. Ziwa hakuna, milima hakuna. Jana kutwa naikodolea macho na sikuona! Kanirudishia kwa adabu, ndiyo iliyoniuma. Nikataka kumpiga nyingine palepale. Ng'ambo ukungu mtupu.

Alhamisi, 14 Mei
Bado ukungu. Nimempelekea ule mkanda Gwasa, anayenisafishia picha mjini. Kauinua dirishani, kacheka. Milima imo, anasema. Mwanga mwingi haukuifuta, ni yeye aliyeiacha ipotee alipoichapa picha, ili uso utoke vizuri. Akiichapa milima ionekane, uso utamezwa na giza.

"Chagua, ndugu yangu."

Nimemchukia kidogo. Nimemwambia milima ionekane.

Jumapili, 17 Mei
Stesheni. Nilikwenda na picha zote mbili. Nikampa achague, nikitumaini atachukua zote, au walau atasita.

Hakusita. Kachukua ya milima. Humo uso wake ni kivuli, hata macho hayaonekani. Akamwita shangazi yake, wakaanza kukitaja kwa jina kilima kimoja kimoja, kidole juu ya picha, wanacheka, wanafuta machozi. Walinisahau. Nilitaka aniulize ile nyingine nitaifanya nini. Nampenda. Nimeandika hapa kwa kuwa pale sikusema.

Jumatatu, 18 Mei
Nimechelewa kufungua studio. Picha iliyobaki nimeiweka kwenye droo. Ukutani wateja wangeuliza ni nani.

Ukungu umeondoka. Nimekaa mlangoni nikitazama ng'ambo, nikijaribu kukumbuka majina ya vile vilima. Nimekumbuka sauti yake tu.