Chai ya Arobaini ya Baba

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
12 Septemba, 1971.

Mpendwa dada yangu Somoe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kiliteremka njiani kabla ya Mwanza. Mama hajambo. Asubuhi miguu humsumbua, lakini ikifika adhuhuri hakuna awezaye kumkalisha.

Balozi wetu wa nyumba kumi ametuhimiza tupake chokaa kabla ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Tumepaka kuta zote isipokuwa ule wa barazani aliokuwa akiuegemea baba. Alama ya mgongo wake ingalipo, na mama hataki iguswe.

Kabla hujapanda treni uliniuliza kama masomo ya kompyuta nimeyazika pamoja na baba. Sikukujibu, kwa kuwa nilikuwa nimeyazika kabla yake. Programu, dada, ni mfululizo wa maagizo ambayo mtambo hupewa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Kule chuoni Nairobi niliuagiza mtambo uchape mstari, nisiuambie uache lini. Ukachapa mstari uleule hadi karatasi zikatapakaa sakafuni. Wenzangu walicheka. Mimi niliona nimedhalilishwa, nikafunga sanduku nikarudi nyumbani kuwa karani.

Mwezi uliopita mkuu wangu wa kazi alinipa nafasi ya kusomea tena programu, hapahapa mjini. Alitaka jibu Jumatatu, siku moja baada ya arobaini ya baba. Nilikwisha kuazimia kukataa.

Arobaini ilisomwa vizuri, na watu walikuwa wengi. Nami, kama unijuavyo, nilisimamia kila jambo, hata mpangilio wa viatu mlangoni. Ndipo akaingia jirani yetu Filomena, yule mtani wetu Mnyamwezi, amevaa kanzu ya baba na kofia yake. Akakohoa mara mbili kama baba alivyokuwa akikohoa kabla ya kubisha hodi. Mama alilia na kucheka kwa pamoja.

“Haya, mtumwa wangu wa Kizaramo,” akaniambia, “leo mie nakutumikia. Agiza!”

Nikamwambia amimine chai. Akainua birika, akamimina. Kikombe kikajaa, akaendelea. Kisahani kikajaa, akaendelea. Chai ikatambaa mkekani, wageni wakikunja kanzu zao.

“Filomena, unafanya nini?”

“Si umesema nimimine? Umesema basi?” Akawageukia wanawake. “Jamani, msomi mzima kaenda hadi Nairobi, kuagiza chai hajui!”

Wakaangua kicheko. Nilihisi hasira ileile ya chuoni ikinipanda. Lakini mtani hakasirikiwi, dada, na hasa kwenye msiba. Anayemkasirikia ndiye anayejiaibisha. Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Kisha nikamwambia, “Basi.” Akaweka birika chini palepale.

Nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi. Mtambo ule haukunidharau. Ulinitii, kama Filomena alivyonitii, na kosa lilikuwa dogo, la kurekebishwa kwa neno moja. Miaka miwili nimeununia.

Jumatatu nilikubali nafasi ile. Alhamisi nilipeleka kadi zangu za kwanza, na zikarudishwa na makosa tele. Nilicheka peke yangu, hadi msimamizi wa mtambo akaniuliza, “Ndugu Mfaume, unaumwa?” Nikamjibu kuwa nimepona. Leo nimeanza kuzisahihisha, nimekaa barazani, mgongo wangu ukiwa kwenye ile alama.

Msalimie sana shemeji, na umbusu Hamisa mdogo kwa niaba yangu. Mama anakuombea kila baada ya sala. Filomena naye anakusalimu, na anasema mkeka unamdai sabuni msomi wako wa Nairobi, yaani mimi. Mungu awahifadhi nyote na awazidishie heri. Nami niombee, dada, nijue kusema basi mahali panapostahili.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Mfaume