Uvimbe wa Lokeris Umepanda Ndege

Jumatatu, 6 Januari. Lodwar
Dripu tena. Muuguzi ametafuta mshipa kama mtu anayechimba maji kwenye laga, mto uliokauka. Dawa ileile ya saratani ya utumbo mpana, ile wanayoanza nayo kwa kila mtu. Kiti cha pili yuko Lokeris, rika langu wa Kakuma. Ugonjwa mmoja na mimi, dawa moja. Lakini leo anang'aa kama bwana harusi. Eti kipande cha uvimbe wake kiko Nairobi, kingali hai, kinalishwa kwenye kisahani. Kikikua watakigawanya, kila kijipande na dawa yake, waone ni ipi inakiua. Halafu hiyo ndiyo atapewa.
"Rika, uvimbe wangu umepanda ndege," akaniambia. "Wako je?"
Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege.

Alhamisi, 9 Januari
Nimemuuliza daktari kipande changu kiko wapi. Daktari ni msichana mdogo, mpole, ananiita babu. Akasema mwaka jana nilipopasuliwa mpango huo ulikuwa haujafika huku. Changu kilitiwa kwenye dawa ya kuhifadhi, na hiyo inaua kila kitu. Kilichokufa hakijaribiwi. Yaani changu kinakaa chupani kama pilipili ya duka la Msomali. Nikamwambia basi akate kingine. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.
Nyumbani Akiru, mke wangu, akauliza uvimbe wa Lokeris unaendeleaje. Wangu hakuuliza. Sikula.

Jumamosi, 18 Januari
Wazee tumechoma mbuzi kando ya mto Turkwel. Matumbo yakatandazwa kwanza, yasomwe mambo yajayo kabla ya kula. Msomaji ni mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini matumbo nayajua. Lokeris aliongea habari ya kisahani chake cha Nairobi mpaka mafuta yakaganda. Roho ikanichoma. Matumbo yalikuwa masafi kabisa. Nikaweka kidole mahali hakuna kitu. Nikasema kuna njia inatoka Nairobi, inamfuata mgonjwa wa hapa, inaishia shimoni. Wenzangu macho yamezeeka, wakaitikia tu.
Lokeris akarudisha nyama kwenye majani.
Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 31 Januari
Majibu ya Nairobi yamefika. Hii dawa yetu ya kila mtu, uvimbe wa Lokeris uliinywa na ukazidi kukua. Nyingine iliuua. Daktari alieleza vizuri: kisahani si mwili, haahidi kitu, ila hiyo nyingine ndiyo yenye matumaini. Lokeris amekataa. Hawezi kutiwa dawa ya Nairobi inayoishia shimoni, alisema, na hii ya sasa haimsaidii, basi hataki yoyote. Akapanda gari, akarudi Kakuma. Daktari ameniomba niongee naye, kwa sababu sisi ni marafiki.
Nilitaka ashuke kidogo. Sikutaka azikwe.

Jumapili, 2 Februari
Usingizi hakuna. Nikimwambia nilidanganya hataamini. Atasema nimetumwa na daktari. Hiyo ndiyo shida ya kuwa msomaji mzuri. Tena nitaaibika, na aibu siipendi.
Kuna njia moja. Itanigharimu mbuzi wangu mwekundu.

Jumanne, 4 Februari. Kakuma
Nimefika na mbuzi nyuma ya pikapu, tumechafuka sawasawa. Lokeris amekonda. Nikamsalimia ejok, akaitikia bila kuinuka. Nikamweleza kwamba yale matumbo ya Turkwel yalikuwa ya mbuzi wa mtu baki, na habari ya ugonjwa inasomwa kwa mbuzi wa rika. Hakuna sheria kama hiyo. Nimeitunga barabarani. Tukachinja mbele ya boma lake. Nikatandaza. Nikasema njia imefunguka, shimo limefukiwa.
Akainama, akatazama muda mrefu.
"Wewe mzee. Siku ile uliona vizuri, au ni leo?"
"Leo."
"Na siku ile?"
"Siku ile nilikuwa na njaa."
Akanikazia macho. Nilifikiri atanipiga na fimbo. Akacheka mpaka akashika mshono wa tumbo. Halafu akaitisha kisu, akajikatia sehemu zote zilizonona za mbuzi wangu, mimi akanitupia shingo. Nikaitafuna.
Kesho tunarudi pamoja Lodwar.

Jumatatu, 17 Februari. Lodwar
Lokeris ametundikiwa dawa yake, aliyochaguliwa yeye. Mimi ileile ya kila mtu. Daktari anasema nisubiri picha ya tumbo ya mwezi ujao, ndipo tujue kama inanifaa. Yake angalau ilijaribiwa. Yangu tunabahatisha. Wivu bado ninao, tena mwingi.
Ametapika, kisha akalala, mdomo wazi. Nzi wa hapa hawana adabu. Nilikuwa na mkono mmoja usio na sindano. Nikawa namfukuzia.