Uvimbe, nukta

Jumanne. Mvua imeanza kabla sijatoka nyumbani Kashai na nimefika kazini na viatu vimelowa. Lakini hasira niliyo nayo jioni hii si ya mvua.

Kazi yangu ni kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Daktari akishaandika ugonjwa kwenye faili, mimi natafuta namba yake na kuiingiza kwenye mfumo.

Leo limekuja faili la dada mmoja wa Muleba. Jina lake silitaji. Kwa miezi kadhaa zahanati ya kwao imemtibu mara tatu kwa maambukizi ya sehemu za siri. Mara ya tatu mumewe aliambiwa naye ameze dawa. Alikataa, akamrudisha mkewe kwao, na sasa kijiji kizima kina habari zake.

Kwenye faili daktari wetu ameandika: "Uvimbe, uke wa nje." Nukta. Basi.

Mfumo unaniuliza: wa maambukizi, au la? Ni namba mbili tofauti, na ya maambukizi ndiyo ya kwanza. Nikamfuata daktari.

"Chagua ya kwanza," akasema bila kuinua kichwa. "Uvimbe ni uvimbe tu."

"Kulikuwa na maumivu, daktari? Joto? Uchafu?"

"Hakuna. Vipimo vyote safi. Mashavu ya uke ni makubwa tu, yako hivyo tangu avunje ungo. Si ugonjwa."

"Basi tuandikie hivyo."

Akaandika. Mstari mmoja, hata dakika haikuisha.

Nikiri hapa, kwa kuwa kazini sitathubutu: kabla ya faili hili nisingemfuata. Ningechagua ya kwanza. Nimeshaichagua, na si mara moja.

Yule dada alikuwa bado kwenye benchi. Akaja dirishani, akaongea kwa sauti ya chini sana, akianza na neno la heshima la Kihaya.

"Waitu, dada, wameandika nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya ili neno lisipotee: hana maambukizi, hajaambukizwa na mtu, ni maumbile yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akataka karatasi yenye muhuri ya kumwonyesha mumewe, nikarudi kwa daktari mara ya pili. Alikunja uso, lakini alimwandikia.

Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Na yale waliyoandika kule mwanzo, yanafutika?"

Nilitamani kumdanganya.

Nikamwambia hayafutiki. Hakulia. Aliuliza tu kama bado atapata gari la Muleba, akajifunika kitenge kichwani na kutoka kwenye mvua.

Miezi yote ile, nyumba imevunjika, kwa sababu hakuna aliyeandika maneno mawili: si maambukizi.

Asubuhi nitafungua upya mafaili niliyoyapa ile namba ya kwanza, nimpelekee daktari moja moja. Atanichukia. Anichukie.