Kinga ni Bora

Jumapili, 6 Julai 2025

Baridi, na vumbi kila mahali, hata kwenye chai. Nimeshinda karakanani nikibadilisha soli. Jumapili si siku yangu, na viatu havina dini.

Jean-Claude amepita. Yeye ni mtoto wa wafanyakazi wa reli, Mkatoliki, mimi ni mjukuu wa Waislamu wa Maniema. Tumekua mtaa mmoja na kugombania mpira mmoja. Kila kiangazi tunatoka na baiskeli zetu, njia za kokoto tu, mbali na lami na malori ya shaba. Mwaka huu anataka bonde la Kafubu. Kushuka na mto mpaka unapoingia Luapula, halafu kurudi juu ya lori la samaki. Amesema kwa sauti ya chini, maana Nafisa, mke wangu, alikuwa nyuma ya pazia. "Twende saa hii, Zakari. Mwaka kesho hatujue."

Hatujui! Moyo wake mzima kama wa punda. Mwenye "hatujui" ni mimi. Mwaka jana sukari ilikula kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto, wakakikata. Daktari alisema kidonda kingine kikiingia, safari hii ni mguu. Alisema huku anaandika, hakuinua kichwa. Fundi viatu mwenye mguu mmoja – watu watakuja kunitazama kama sinema.

Sijampa Jean-Claude jibu. Anajua nitakwenda.

Jumanne, 8 Julai

Kliniki. Daktari Syntiche, kijana, mpole. Amenifumbisha macho, akanigusa nyayo kwa uzi wa plastiki. Unasikia hapa? Ndiyo. Na hapa? Ndiyo. Akaandika kitu. Kumbe hapo pa pili hakuwa amegusa kitu.

Amerudia yale yale: tazama miguu kila jioni, juu na chini, tumia kioo. Nikamwambia kazi hiyo anaifanya mke wangu. Ni kweli. Kila usiku Nafisa anapiga magoti na taa ya telefone, anachungulia katikati ya vidole kama anayechambua mchele. Habari ya baiskeli sikumwambia daktari.

Ukutani kuna bango limeandikwa Kiswahili cha Tanzania: Kinga ni bora kuliko tiba. Kwao kinga ni kujilinda. Kwetu Lubumbashi kinga ni baiskeli. Nimecheka peke yangu njia nzima. Baiskeli ni bora kuliko dawa – si mimi niliyesema, ni ukuta wa kliniki.

Jioni nimemaliza soksi za ngozi za safari. Ngozi ya mbuzi, nyembamba, mshono mara mbili, zinafunika vifundo, maji hayapiti. Msafiri akizivaa akiwa na udhu, siku tatu haoshi miguu; anapangusa juu kwa mkono uliolowa, basi. Babu alikuwa na za kwake. Kwa baridi ya mtoni alfajiri, ni rehema kubwa. Umeme ulikatika nikiwa kwenye kisigino cha pili, nikamalizia kwa taa ya telefone. Kopo la misumari ya viatu likanimwagikia mapajani. Nimeokota yote.

Alhamisi, 10 Julai. Kandokando ya Kafubu

Tumeondoka alfajiri. Nafisa hakugomba, na hiyo ni mbaya zaidi. Alitia kioo chake kidogo kwenye mfuko wa baiskeli, akasema: "Miye sitakuwa kule. Uangalie weye mwenyewe, kila mangaribi." Nikaitika. Nilishatawadha, nikavaa soksi zangu mbele yake, nikafunga kamba. Alizisifu, mshono hasa.

Njia nyekundu, ngumu, ina mawimbi madogo yanayogonganisha meno. Halafu mchanga. Halafu kokoto zinazokimbia chini ya gurudumu. Tulipishana na wasukuma makala wanaopanda kwenda mjini, magunia matatu ya mkaa juu ya kila kinga, wamelalia usukani kama wanaomsindikiza mgonjwa. Tulijiona wajinga kidogo: wao wanateseka kwa ajili ya watoto, sisi tunajitesa bure.

Mchana mto ulijitokeza chini kabisa, ukanda wa kijani katikati ya majani makavu yaliyochomwa. Bonde zuri, na sina furaha. Naliangalia kama mtu anavyoangalia nyumba aliyokwisha kuiuza.

Tumelala katika kanisa la kijiji, Jean-Claude aliomba ruhusa. Kioo kimebaki mfukoni. Nikivua soksi, asubuhi lazima niteremke kuosha miguu kwa maji yale. Sheria imenipa nafasi. Mimi nani nikatae? Baridi inauma hata ndani ya blanketi. Kesho.

Ijumaa, 11 Julai

Vilima. Unapanda, unateremka mpaka kwenye kijito, unapanda tena. Jean-Claude yuko mbele na kofia yake ya reli, hageuki – anajua sipendi kungojewa.

Miguu haijauma hata kidogo. Nilimwambia hivyo kwa majivuno tulipokaa kula muhogo. Alinitazama, akaendelea kutafuna.

Saa tisa tulifika kwenye kijito kipana. Mvua za mwaka huu zilibomoa daraja, yamebaki magogo mawili. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua alituambia tusiliogope hilo daraja: "Kilalo iko nguvu, bantu banapitaka na mbuzi." Mbuzi wanapita. Mimi nilipiga hatua mbili nikasimama. Sikuwa najua mguu wa kushoto uko juu ya gogo au uko hewani. Ilibidi niuangalie kwa macho ndipo nijue, na nikiangalia chini naona maji, kichwa kinazunguka.

Nilivuka nimekaa, nikijisukuma kwa mikono kama mtoto asiyejua kutembea. Jean-Claude alivusha baiskeli zote mbili. Yule mama aliacha kufua. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ng'ambo, Jean-Claude aliuliza kama ninaangalia miguu. Nikasema ndiyo, jana. Sijui kwa nini nilisema. Aibu ya magogo ilikuwa bado kooni, na kukiri uvivu juu yake kungezidi mno kwa siku moja.

Nikapangusa juu ya ngozi, nikaswali. Vumbi likatoka, ngozi ikang'aa. Soksi nzuri kweli.

Jumamosi, 12 Julai. Luapula

Tumefika. Mto mpana, kimya, Zambia upande wa pili. Niliota siku hii tangu Januari, nikaishia kukaa chini na kutetemeka. Homa kidogo. Ni upepo wa jana tu.

Tumepewa jiko la nje kwa mama mmoja, Musonda, mjane, anayekausha samaki na kuwauzia wenye malori. Mbwa wake amenipenda kupita kiasi. Nikikaa, anakuja kulala kwenye mguu wangu wa kushoto, ananusa, analamba ngozi. Nikimfukuza anarudi. Nikamwambia Jean-Claude mbwa anajua ngozi nzuri ya mbuzi. Hakucheka na yeye. Nzi pia wengi, lakini palipo na samaki pana nzi.

Jioni nikamwambia Musonda, kwa utani, kwamba samaki wake watatunyima usingizi kwa harufu. Alisimama, akageuza kichwa huku na huku, pua juu. Akasogea karibu na mkeka wangu.

"Muzee, unisamehe. Hii harufu haiko ya samaki yangu."

Akarudi kwenye moto wake. Jean-Claude alisikia. Akachukua mfuko wangu, akatoa kioo, akakiweka juu ya mkeka mbele yangu. "Bon. Angalia."

Nikamwambia kesho asubuhi, kwenye mwanga. Nikamwambia siku tatu hazijatimia. Alikasirika, sijamwona hivyo tangu tulipomzika mama yake. Akasema, kwa ufupi, kwamba Mungu wangu na Mungu wake hakuna aliyemwambia mtu aoze ndani ya kiatu. Akatoka nje.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, nani atasoma? Si uvivu na si maji ya baridi. Tangu kule kwenye magogo naogopa kutazama. Isipotazamwa bado ni soksi tu.

Jumapili, 13 Julai

Kumekucha. Ukungu juu ya Luapula, ng'ambo haionekani.

Siku tatu zimetimia. Sheria iliyoniruhusu kuvaa sasa ndiyo inayosema vua. Sina pa kujificha tena.

Jean-Claude ameamka kabla yangu, anachemsha maji katika sufuria ya Musonda. Ameshazungumza na dereva: lori linaondoka saa mbili, na mimi nitakaa mbele, si juu ya samaki. Baiskeli yangu ameifunga mwenyewe pembeni mwa lori, kamba nyingi, kama kitu ambacho hakitashushwa haraka.

Nimevua ya kulia. Mguu uko sawa – mkavu, mikunjo, wangu. Alhamdulillahi. Nimeuangalia wote kwa kioo, katikati ya vidole, kama Nafisa anavyofanya.

Ya kushoto haitoki. Nimefungua kamba, nimevuta. Imeshikana. Ngozi imekuwa nyeusi chini ya kisigino, imelowa halafu imekauka. Mbwa amekaa mbele yangu, ametulia, anangoja.

Nimepitisha kidole gumba juu ya ule weusi. Kuna kitu kigumu, kidogo, cha duara, kutoka ndani. Sihitaji kioo. Nimeshika hivi viwili viwili mdomoni tangu nina miaka kumi na minne, kazini kwa baba. Ni kichwa cha msumari wa viatu, na ncha yake iko juu, upande wangu.

Toka Lubumbashi. Vilima vyote vile, nikikanyaga pedali.

Nimekibonyeza kwa nguvu. Kidole cha mkono kimesikia. Mguu haukusikia kitu.

"Zakari, mayi iko tayari. Leta muguu."

Nimemwambia angoje kidogo, ninamaliza mstari. Amekuja na sufuria, amepiga magoti mahali ambapo Nafisa hupiga, na anaiangalia soksi ya kushoto. Naweka kalamu.